Mahali pa Kusimama: Miti ya Ruiru na Thika Mbele ya Kamera

Miongoni mwa vitu ambavyo wapiga picha wa mwanzo walivielekezea kamera zao, mti uliwasumbua kuliko anavyoweza kudhani mtazamaji wa leo, kwa kuwa hauhami mahali pake kama mlima usivyohama, lakini hautulii kama mlima unavyotulia. Majani yake hutikiswa na upepo mdogo kabisa, kilele chake hugusa mbingu inayong'aa huku shina likibaki kivulini, na ukubwa wake haueleweki mpaka pawe na kitu kingine cha kuupimia. Kutokana na shida hizo ulizaliwa mpangilio wa picha za miti, yaani utaratibu wa kuamua kamera isimame wapi, mti ukae upande gani wa fremu, na nini kisogezwe karibu nao au kiondolewe. Utaratibu huo, uliobuniwa tangu miaka ya 1840 na watu waliokuwa wakihangaika na dawa, karatasi na vioo, bado unafuatwa Kiambu na watu wasiowahi kusikia majina ya wabunifu wake.

Suala hili lilipata uhai mpya tarehe 13 Novemba 2023, siku ambayo Serikali ya Kenya iliitenga kuwa ya mapumziko ili wananchi wapande miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Kufikia jioni ya siku hiyo simu za watu wa Ruiru na Thika zilikuwa zimejaa picha za upanzi, na mwandishi wa makala haya, aliyekulia Ruiru na kujifunzia kazi ya kamera Thika, alipozipitia aliona kwamba karibu zote zilipangwa kwa namna moja: watu wamesimama katikati wakitazama kamera, mmoja ameshika jembe, na mche uko chini miguuni, mara nyingine umekatwa nusu na ukingo wa fremu. Ni rahisi kuwacheka waliopiga picha hizo, na wengi waliwacheka, lakini kicheko hicho hakina haki, maana mpangilio huo una umri wa zaidi ya miaka 160 na kilichobadilika ni upande mmoja tu wa mizani: zamani mtu alisimamishwa penye mti ili ukubwa wa mti uonekane, sasa mche unawekwa penye mtu ili wema wa mtu uonekane.

Mwingereza William Henry Fox Talbot, aliyesajili mwaka 1841 njia yake ya kutengeneza picha hasi juu ya karatasi (picha hasi, au negativi, ni ile ambayo palipo peupe huonekana peusi na palipo peusi huonekana peupe, na ambayo kwayo nakala nyingi huchapwa), alipiga katika miaka iliyofuata picha ya mwaloni wakati wa baridi, mti mmoja peke yake, umepukutisha majani, kila kitawi kikionekana dhidi ya mbingu. Uzuri wa picha hiyo umesifiwa sana, lakini uteuzi wa mti usio na majani ulikuwa pia uteuzi wa fundi, kwa sababu karatasi yake ilihitaji kufunguliwa kwa mwanga kwa muda mrefu kiasi kwamba jani lolote lililotikisika lingegeuka ukungu. Hata baada ya Frederick Scott Archer kutangaza mwaka 1851 njia ya bamba la kioo lililopakwa dawa mbichi, ambayo ilipunguza muda huo lakini ikamlazimu mpiga picha kubeba hema la giza na kusafisha bamba kabla halijakauka, miti yenye majani mengi iliendelea kutoka kama mafungu meusi yasiyo na umbo.

Jambo hilo linasaidia kueleza kwa nini mti wa kwanza kupata umaarufu katika picha za upande huu wa Afrika ni mbuyu. Kadi za posta za Mombasa na Zanzibar za mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi zikitoka katika studio za Wagoa kama ile ya A. C. Gomes, zinauonyesha mara kwa mara ukiwa umekaa katikati ya fremu kama mwaloni wa Talbot. Na ingawa wenyeji wana sababu zao nyingi za kuuheshimu mbuyu, mpiga picha alikuwa na sababu yake ya ziada, kwamba mti huo hukaa miezi mingi bila majani na shina lake halijui upepo. Bara, kwenye nyanda za juu za Wakikuyu, hapakuwa na mti wa namna hiyo. Palikuwa na mugumo, ambao ni mkuyu wa porini wenye majani mazito mwaka mzima, palikuwa na muringa wenye maua meupe, na kadiri walowezi walivyoongezeka paliletwa mkaratusi na mgrevilea kutoka Australia, huu wa mwisho ukiwa ndio ambao wakulima wa Kiambu na Murang'a huuita mukima. Yote ni miti ya majani, na yote ilikuwa migumu kwa kamera.

Kumbukumbu za kwanza za mwandishi kuhusu mti na kamera ni za Ruiru mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mashamba makubwa ya kahawa yalipokuwa bado yameuzingira mji, na miti ya kivuli imepandwa kwa mistari iliyonyooka baina ya mikahawa. Jumapili iliyofuata mshahara alikuwa akija mpiga picha wa baiskeli, kamera yake imefungwa ndani ya mfuko wa ngozi juu ya karia, naye alikuwa na muringa wake mmoja, karibu na duka la shamba, ambao chini yake aliwapanga wateja wote. Kila mtu aliambiwa asimame hatua mbili mbele ya kivuli, aweke mkono mmoja juu ya shina kwa kuunyoosha kando, na asiuegemee mti. Mtoto aliyekuwa akitazama aliona hayo kuwa mbwembwe, na baadaye tu ndipo alipoelewa kwamba hatua mbili zile zilikuwa za kukwepa mabaka ya jua, yaani vile vidoa vya mwanga vinavyopenya majani na kuufanya uso uonekane kama umeungua kwenye picha, na kwamba katazo la kuegemea lilikuwa la kuzuia bega lisipotelee ndani ya weusi wa shina.

Mkono juu ya shina una historia yake. Mwaka 1861 Carleton Watkins alipanda milima ya California akiwa na kamera iliyotumia mabamba ya kioo yenye upana wa zaidi ya nusu mita, akapiga huko picha ya mti mkubwa mno ulioitwa Grizzly Giant, na miguuni pake amesimama Galen Clark, ambaye baadaye alikuwa mlinzi wa msitu huo, mdogo kama kijiti. Bila Clark, mtazamaji wa New York asingejua kama anatazama mti wa mita 10 au wa mita 60. Kutoka hapo mtu akawa kipimo katika picha za miti duniani kote, na katika picha zilizopigwa Afrika Mashariki na wageni kipimo hicho aghalabu alikuwa mpagazi au mwenyeji, aliyeamriwa asimame penye shina na ambaye maelezo ya picha hayakumtaja jina, hata pale yalipoutaja mti kwa jina lake la Kilatini.

Pale dukani Ruiru mpangilio ulikuwa uleule, lakini aliyelipa ni yule aliyesimama penye shina. Kibarua wa kahawa, ambaye hakumiliki hata mkahawa mmoja katika maelfu aliyoyachuma, alinunua kwa shilingi zake picha aliyoshika ndani yake mti wa mwajiri kana kwamba ni wa kwake, akaituma nyumbani Kitui au Murang'a ikiwa na jina lake nyuma. Watafiti wa picha hupenda kueleza mipangilio kana kwamba kila mmoja una maana moja tu iliyofungwa ndani yake, ya ubwana au ya utumwa, na mwandishi amesoma maelezo mengi ya namna hiyo bila kuacha kuwakumbuka vibarua wale, ambao waliuchukua mpangilio uliobuniwa kwa ajili ya watu wengine, wakautumia kwa haja zao wala hawakuomba ruhusa.

Miaka michache baadaye mwandishi alipelekwa Thika, kwa mzee mmoja mwenye studio nyuma ya stendi ya magari, ajifunze kazi. Studio hiyo, kama nyingine nyingi za wakati huo, ilikuwa na pazia la kuchorwa, na juu ya pazia palikuwa na minazi mitatu, ziwa la buluu na daraja. Wateja waliotoka kwenye viwanda vya Thika, katika mji uliojaa miti hai, walipendelea kupigwa picha mbele ya minazi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na mzee hakuona ajabu yoyote katika hilo. Kwake yeye mnazi wa kuchorwa ulikuwa mti mwema kwa sababu haukutikisika, haukutoa kivuli usoni, na ulikaa pale mchoraji alipouweka. Wakubwa wa sanaa ya Ulaya wasingempinga. Henry Peach Robinson, Mwingereza ambaye kitabu chake cha mwaka 1869 kuhusu mpangilio wa picha kilisomwa na vizazi kadhaa vya wapiga picha, hakuona haya kuunganisha ardhi ya negativi moja na mbingu ya negativi nyingine, wala kujenga ndani ya studio vichaka vya kupigia picha.

Funzo kubwa zaidi la studio hiyo lilitoka katika chumba cha giza, yaani kile chumba kisichoingia mwanga ambamo filamu husafishwa na picha huchapwa, na ambacho kilikuwa na balbu moja nyekundu. Mwanafunzi aliuliza kwa nini taa ile haiunguzi karatasi za picha ilhali taa nyingine zote huziunguza. Mzee hakujibu papo hapo. Alitoka nje, akaokota ua la kifabakazi lililoanguka uani, ule mti ambao Wakenya wengi huuita Nandi flame, akalipasua na kutandaza kipande chake juu ya karatasi mpya ya picha, kando yake akaweka jani la mti huohuo na kipande cha ua jeupe la bogenvilia, akawasha taa nyeupe kwa kitambo kifupi, kisha akaitia karatasi ndani ya dawa. Karatasi ilianza kuwa nyeusi polepole kuanzia pembeni. Chini ya ua jeupe palitoka kijivu, maana mwanga ulipenya, hata mishipa myembamba ya ua ikaonekana. Lakini chini ya ua la kifabakazi palibaki peupe pepe kana kwamba pamewekwa sarafu, na chini ya jani vilevile. "Karatasi hii haioni nyekundu, kijana," mzee alisema, "kwake yeye ua hili na jani lake ni kitu kimoja."

Maana ya jaribio hilo kwa historia ya Thika ni kubwa kuliko mzee alivyokusudia. Dawa za picha za karne ya 19 ziliona buluu na zambarau tu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba zikitiwa rangi fulani huanza kuona kijani pia, lakini mabamba yanayoona hata nyekundu yalianza kuuzwa mwaka 1906, na wapiga picha wengi waliendelea kwa miaka mingi kutumia ya zamani, ambayo yalikuwa rahisi na yangeweza kusafishwa chini ya taa nyekundu. Kwa hiyo mtu aliyefika Thika mwaka 1913, mwaka ambao reli kutoka Nairobi ilifika hapo na ambao mwandishi Elspeth Huxley alifika nchini akiwa mtoto, angeweza kuupiga picha mti wa kifabakazi ukiwa umewaka maua kilele kizima, na picha ingemrudishia mti mweusi usio na ua hata moja. Miti inayoutambulisha mji huu duniani haikupata sifa yake kwa kamera za wakati huo. Iliipata kwa maneno, katika kitabu cha Huxley cha mwaka 1959, The Flame Trees of Thika, na miti ikaonekana kwa rangi sebuleni mwa watu wa Uingereza ilipotoka tamthilia ya televisheni ya mwaka 1981. Mpangilio wa picha huanza kwa kile ambacho dawa inaweza kukiona, na mpiga picha mwenye akili hapangi fremu yake kuzunguka kitu ambacho bamba litakimeza.

Jumamosi kazi ilihamia kwenye maporomoko ya Chania, karibu na hoteli ya Blue Posts iliyoko pale tangu mwaka 1908, ambako maharusi wa Thika walipelekwa baada ya kanisa. Mzee alikuwa na amri moja ambayo hakuitolea maelezo: kabla ya kubonyeza, tafuta tawi uliweke juu. Tawi hilo lilipaswa kuingia kwenye fremu kutoka kona ya juu, lifunike sehemu kubwa ya mbingu, na ikiwezekana shina lake lionekane kando, kushoto au kulia, ili maji na maharusi waonekane kama wamefunguliwa mlango. Mwanafunzi alijifunza kuinama, kurudi nyuma, hata kumwomba mtu avute tawi kwa kamba, bila kujua kwamba alikuwa akifuata desturi ya mchoraji Claude Lorrain, aliyefanya kazi Roma katika karne ya 17 na ambaye mandhari zake huanza kwa mti mweusi kando ya picha, unaolisukuma jicho kuelekea kwenye mwanga wa mbali.

Wapiga picha wa mwanzo waliirithi desturi hiyo kwa heshima, lakini waliishika kwa lazima. Kwa kuwa mabamba yao yaliiona buluu kupita kiasi, mbingu ilitoka nyeupe tupu, bila wingu, na nusu nzima ya picha ikawa karatasi isiyo na kitu. Mfaransa Gustave Le Gray alilitatua tatizo hilo katika picha zake za bahari za miaka ya 1850 kwa kuchapa mbingu kutoka negativi nyingine. Wengine, wasio na subira hiyo, walitumia matawi. Mti uliokaa kando ya fremu ukawa pazia la kuficha udhaifu wa dawa, na dawa zilipoboreshwa pazia halikuondolewa, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha kulizoea. Filamu ya rangi ambayo mzee wa Thika alikuwa akiitumia miaka ya 1990 iliiona mbingu ya Chania vizuri kabisa, na bado tawi liliwekwa. Si vibaya, picha nyingi za arusi zilizopigwa pale zinapendeza hadi leo. Ila inafaa kuona kwamba katika picha hizo zote hakuna anayeweza kusema mti ule wa pembeni ni mti gani.

Baada ya kuacha studio, mwandishi alipata kazi iliyompeleka Nairobi mara kwa mara, na muda wake wa ziada aliutumia katika Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa mwaka 1971, na baadaye sana mbele ya kompyuta, akizipitia picha za mkusanyo wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani, ambao una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960. Wapo ndani yake watu kama William D. Young, aliyekuwa na studio Mombasa na Nairobi na aliyepiga picha za ujenzi wa Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Picha za reli zina mpangilio wake, unaotofautiana na wa Watkins na wa Claude: kamera husimama katikati ya njia, vyuma viwili hukimbia kuelekea upeo wa macho mpaka vikutane, na miti hukaa kulia na kushoto kama kuta. Hapo mti haupimwi wala haufichi kitu. Unaonyeshwa kama kile kilichoondolewa ili njia ipite, na katika miaka hiyo, wakati vichwa vya treni vilipochoma kuni, ulikuwa pia kile kitakachoingizwa jikoni mwa injini. Mikaratusi iliyopandwa Nairobi na pembezoni mwa reli, ambayo sasa watu wa Ruiru hudhani ilikuwapo tangu enzi za mababu, ilipandwa kwa sehemu kubwa kwa haja hiyo.

Mpangilio wa reli ulihamia mashambani. Barabara ya kuingilia kwa mlowezi ilipandwa mijakaranda au mikima pande mbili, na kamera ikasimama katikati, ikitazama nyumba mwishoni. Mwandishi alipoziona picha za namna hiyo alikumbuka mistari ya kahawa ya utotoni, na ikamjia kwamba hakuwahi hata siku moja kuitazama mistari hiyo kutoka mahali pale penye kamera, kwa sababu njia ya katikati haikuwa ya watoto wa vibarua. Wao walikatiza mistari kwa upande, na mtu anayekatiza kwa upande haoni safu. Huona mti, kisha nafasi, kisha mti mwingine, na miguu ya wachumaji chini ya matawi.

Somo ambalo halikupatikana katika studio wala katika mikusanyo lilipatikana Thika penyewe, kwenye bustani iitwayo Mugumo Gardens. Masimulizi ya Wakikuyu yanasema kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru, aliyetabiri kuja kwa wageni wenye rangi ya chura na nyoka wao wa chuma, alisema pia kwamba utawala wa wageni hao utakwisha siku mugumo wa Thika utakapoanguka, na kwamba wakoloni, walipolisikia hilo, waliuzungushia mti huo chuma ili usianguke; ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Mugumo ulikuwa mahali pa ibada, kama Jomo Kenyatta alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1938: wazee walikusanyika chini yake, wakachinja mwanakondoo, wakaelekeza nyuso zao Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Inafaa kuangalia mpangilio ulio ndani ya tendo hilo. Mti uko juu na nyuma ya watu, macho yao yanatazama nje kuelekea mlimani, na hakuna anayeutazama mti kutoka mbali, kwa kuwa umbo lake lote si jambo linalowahusu kwa wakati ule.

Mwandishi alikwenda mara moja kupiga picha ya mugumo wa kijiji kimoja nje ya Thika, mti wenye mizizi mingi inayoning'inia kutoka matawini, na alifanya yote aliyofundishwa: alirudi nyuma hadi mti wote ukaingia kwenye fremu, akatafuta mtu wa kusimama penye shina, akatafuta tawi la mti mwingine la kufunika mbingu. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini na wenzake alimtazama kwa muda, kisha akamwita: "Mwanangu, mbona umesimama juani kama mgeni? Njoo huku chini." Alipoingia, mti ulitoweka. Palikuwa na dari la majani, mizizi mitatu minne kama nguzo, wazee watano kwenye mawe, na nje, pande zote, mwanga mkali wa saa sita ambamo shamba la mahindi lilionekana kama limemwagiwa chokaa.

Hakuna picha nzuri iliyotoka siku hiyo, na sababu ni ya kifundi. Tofauti kati ya mwanga wa kivulini na ule wa nje ilikuwa kubwa kuliko filamu ile iliyoweza kuibeba: akifungua kamera kwa ajili ya nyuso za wazee, shamba linafutika kuwa jeupe, akifungua kwa ajili ya shamba, wazee wanakuwa vivuli. Bamba la mwaka 1899, wakati Halford Mackinder na mpiga picha wake Campbell Hausburg walipopita nchi ya Wakikuyu wakielekea kuupanda Mlima Kenya, lingeshindwa vibaya zaidi, hata kama mmoja wao angetaka kuketi na wazee. Lakini sentensi ya mzee yule inaeleza kitu ambacho dawa haiwezi kukieleza. Mipangilio yote iliyokwisha kutajwa, ya mtu penye shina, ya tawi la pembeni, ya safu mbili na njia katikati, inamtaka mpiga picha asimame nje ya mti, juani, akiutazama kama kitu. Kwa watu wa Ruiru na Thika, na kwa watu wengi wa nchi za joto, mti mkubwa ni mahali kwanza; ni ofisi, soko, baraza, kituo cha matatu, na mtu akiulizwa yuko wapi hujibu kwamba yuko pale kwenye mti. Sanaa ya picha za mandhari imetuachia miti mingi kutoka nje na michache mno kutoka ndani, na upungufu huo ulianza kama shida ya vifaa, ukawa mazoea, kisha ukaitwa uzuri.

Barabara Kuu ya Thika ilipopanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, ardhi ya pembeni ilipanda bei, mashamba ya kahawa ya Ruiru na Juja yakaanza kukatwakatwa, na mwandishi, kama wapiga picha wengi wa eneo hilo, alikula kwa kupiga picha za ploti za hamsini kwa mia. Matangazo hayo yalikuwa na mpangilio usiobadilika: bikoni, yaani lile jiwe la mpaka, mbele, majani makavu katikati, na pembeni mukima mmoja uliobaki kutoka shambani. Muuzaji mmoja, ambaye ardhi yake ilikuwa imekwisha kung'olewa kila kitu, alidai kamera ihamishwe hadi mukima wa jirani uingie, kwa maelezo kwamba ploti isiyo na mti haionekani kama ina maji. Claude mwenyewe asingepanga vingine, wala Wakikuyu wa kale wasingeshangaa kuona mmea umekaa mpakani, maana wao waliotesha maua ya itoka kutenga shamba na shamba. Tofauti ni kwamba itoka ilipandwa ili ibaki, na mukima wa tangazo ulianguka mnunuzi alipoleta mawe ya msingi.

Simu za sasa zimeondoa kikwazo kilichomshinda mwandishi chini ya mugumo. Zinapiga picha kadhaa kwa mkupuo, nyingine za giza na nyingine za mwanga, na kuziunganisha papo hapo, jambo ambalo Le Gray alilifanya kwa negativi mbili na siku nzima ya kazi, kwa hiyo uso wa mtu aliyeketi kivulini na shamba lililo juani vinaweza kukaa pamoja. Tatizo limehamia kwenye lenzi, ambayo kwa kawaida ni pana na hukuza kilicho karibu na kudogosha kilicho mbali, hata mche wa kifabakazi uliopigwa kutoka kimo cha mtu mzima hugeuka unyasi. Vijana wa Thika wanaokuja kujifunza kwa mwandishi hupewa kazi ya kupiga picha ya mti bila kutoka nje ya kivuli chake na bila kumwambia mtu yeyote asimame. Wengi hurudi mwanzoni na picha za matawi yaliyopigwa kwa kuelekeza simu juu, ambazo zinafanana zote. Wanaorudi tena siku nyingine, kwa kawaida baada ya kuketi pale hadi muuza ndizi au fundi viatu mwenye mti wake awazoee, huanza kuleta vitu tofauti, kama ukingo wa kivuli unaosogea na meza zinazosogezwa kuufuata, misumari ya mabango iliyomezwa na gome, au nguo ya mtoto iliyotundikwa kwenye tawi la chini, na swali linalozuka kila mara wanapozitandaza picha hizo mezani ni kama hizo ni picha za mti au za watu, ambalo bado wanaligombania.